Mama Mdogo na Wadukuzi wa Hamburg

Tiketi ya pili haikuwa ya Mama Mdogo. Ilikuwa ya mwanawe, binamu yangu, fundi wa programu anayeishi Bremen, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinisimulia kongamano la wadukuzi la Hamburg kama mtu aliyerudi Hija. Lakini mwanzoni mwa Desemba 2024 mkewe alijifungua, na nyumba ya vyumba vitatu ikawa na kichanga kimoja na mabibi wawili: Mama Mdogo, aliyetoka Tanga kuja kumwona mjukuu, na mama wa yule mzazi, aliyetoka Mwanza kwa shughuli hiyohiyo. Mabibi wawili kwenye jiko moja hawahitaji mwezi kugombana. Mmoja anataka mzazi anywe uji wa pilipili manga, mwingine anataka supu ya sato. Sato, Bremen, utampata wapi?

"Yangu nitampa rafiki," binamu akasema jioni moja, tiketi zote mbili ziko mezani.

"Rafiki gani?" Mama Mdogo akauliza. "Nitakwenda mimi."

"Mama, kule ni watu wa kompyuta."

"Na mimi miaka kumi na mbili nilikuwa nauza vitunguu?"

Hakuna aliyejibu. Kuanzia 2010 hadi 2022 Mama Mdogo alikuwa wakala wa pesa za simu, kibanda cha mbao pale Ngamiani, barabara ya nane. Nilipokuwa chuoni, ada yangu ilipitia kwenye kitochi chake. Mimi leo nalipwa mshahara Dar es Salaam kwa kulinda kompyuta za watu, na nilikuwa nimechukua likizo yangu yote ya mwaka kwa ajili ya siku nne hizi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kuwa yeye hastahili.

Tuliondoka Ijumaa tarehe 27, alfajiri bado giza, ingawa saa ilikuwa saa mbili asubuhi. Juu ya koti zito la mkamwana wake alijitanda kanga, na kwenye mfuko alikuwa na kashata, chupa ya chai na simu ya mezani isiyo na waya ambayo binamu alisisitiza tuibebe. Nitaieleza baadaye. Bremen hadi Hamburg kwa treni ya mkoa ni saa moja na robo hivi, na katika muda huo nilijaribu kumweleza tunakwenda kwa nani.

Wenyeji wetu ni chama kinachoitwa Chaos Computer Club, kilichoanzia Berlin mwaka 1981 katika ofisi za gazeti moja, na kongamano lao la kwanza lilikuwa Hamburg mwaka 1984. Hufanyika kila mwaka kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati Wajerumani wengine wamelala kwa kushiba. Hili letu lilikuwa la 38. Nikamsimulia kilichowapa jina. Mwaka huohuo wa 1984 posta ya Ujerumani Magharibi ilikuwa na mtambo wa kusoma kurasa kwenye televisheni kupitia waya wa simu, ikiwaambia watu kwamba ni salama. Vijana wawili wa chama hiki, Wau Holland na Steffen Wernéry, walisema si salama. Hawakusikilizwa. Basi usiku mmoja wa Novemba wakaingia kwa utambulisho wa benki ya akiba ya Hamburg, wakaifanya ifungue ukurasa wa chama chao mara maelfu, kila mara ikitozwa karibu mark kumi. Kulipokucha benki ilikuwa inadaiwa mark 135,000 hivi. Wakaenda kutangaza, na pesa wakazirudisha.

"Wakarudisha?"

"Wakarudisha."

Akatafuna kashata, akatazama mashamba yenye ukungu. "Mwizi anayerudisha kisha akaenda kusema kwenye televisheni, huyo si mwizi. Huyo ni shahidi."

Ukumbi wenyewe uko hatua chache kutoka kituo cha Dammtor, jengo kubwa la mikutano linalotazamana na bustani. Foleni ilikuwa ndefu lakini ilikwenda. Tulipofika mbele, kijana aliichanganua tiketi, akatufunga utepe wa kitambaa mkononi, akasema karibuni. Basi. Mama Mdogo hakuondoka mezani. Alisubiri.

"Hajaniuliza jina," akaniambia.

"Hawaulizi."

"Hata kitambulisho? Kwetu ukitaka laini ya simu tu wanataka kidole."

Ni kweli, na kama kuna mahali duniani ambapo habari ya kidole ingemrudia mtu, ni pale. Tanzania ilikamilisha agizo la kusajili laini kwa alama za vidole Januari 2020. Lakini katika kongamano hilihili, mwaka 2014, mtafiti Jan Krissler alionyesha jinsi alivyoitengeneza upya alama ya kidole gumba ya Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi wa Ujerumani, kutoka kwenye picha za kawaida za waandishi wa habari. Miaka sita kabla ya hapo jarida la chama lilichapisha alama ya kidole ya waziri wa mambo ya ndani, Wolfgang Schäuble, kwenye utando mwembamba ambao msomaji angeweza kuuvaa kidoleni mwake. Nywila ikiibwa unabadilisha. Kidole utabadilisha na cha nani? Nilimwambia haya tukivua makoti. Mama Mdogo aliingiza mikono ndani ya kanga na hakuitoa kwa muda.

Ndani ni giza la makusudi, lenye taa za rangi kila kona. Zaidi ya watu elfu kumi wamejazana katika ghorofa zote, na hakuna kinachofanana na mikutano ya usalama wa mtandao niliyoizoea, ile ya hotelini yenye mabango ya wadhamini, kalamu za bure na mgeni rasmi anayechelewa. Hapa hakuna mgeni rasmi. Kuna meza za vikundi vya kila mji, waya zimetambaa sakafuni, watoto wanapita na skuta, mtu mmoja ameifuma sweta kwa mashine aliyoidukua. Picha hupigi bila kumwomba kila atakayeonekana. Kinywaji cha mahali ni chupa ya nusu lita ya Club-Mate, soda ya majani ya yerba mate yenye kafeini. Mama Mdogo aliionja akasema imelala na majani ya chai ya jana. Alirudi kwenye chupa yake.

Sasa ile simu. Wadukuzi hawa, kwa siku nne, huendesha mtandao wao wenyewe wa simu. Unakuja na simu yako ya nyumbani isiyo na waya, unachagua namba ya tarakimu nne ambayo haijachukuliwa, na unaweza kumpigia yeyote ndani ya jengo bila senti. Nilimuuliza anataka namba gani.

"Nane, nne, sifuri, sifuri."

"Ina maana?"

"Naikumbuka tu."

Nikaisajili, sikuuliza zaidi.

Kilichomvutia kuliko vyote siku ya kwanza ni maneno kwenye kibao. Kazi zote za kongamano, kulinda milango, kubeba viti, kutafsiri, kuzuia moto usiwake, hufanywa na wahudhuriaji wenyewe bila malipo, na watu hao huitwa malaika. Mahali wanapojiandikisha kupangiwa zamu panaitwa Mbinguni. Nilipomsomea kibao, alishika mdomo.

"Astaghfirullah. Na wanaingia hivihivi?"

"Wanajiandikisha tu."

"Basi niandikishe."

Nilidhani ni mzaha. Saa nane mchana alikuwa amevaa kitambaa cha malaika juu ya kanga, katika jiko linalowapikia waliopo zamu, chakula kisicho na nyama, jambo lililomwondolea wasiwasi wa halali. Alipewa gunia la vitunguu na ubao wa kukatia. Ubao aliusukuma pembeni. Alikata kitunguu kiganjani, kisu kikienda na kurudi kama anachana mkeka, na vijana wanne wenye nywele za kijani na zambarau wakaacha kazi zao kumtazama. Mmoja akaomba kufundishwa. Alijikata. Malaika wa huduma ya kwanza akaitwa. Mama Mdogo aliniambia jioni kuwa hiyo ndiyo siku yake bora tangu atue Ujerumani, na nadhani jiko lisilo na bibi wa pili lilikuwa na sehemu yake.

Jua la Desemba huku linazama saa kumi na dakika chache. Ndani ya ukumbi hutajua. Wenyeji wana kanuni ya sita, mbili, moja: kwa siku ulale saa sita, ule mara mbili, uoge mara moja. Kwamba kanuni ya tatu ilihitaji kuandikwa ni habari tosha kuhusu wadukuzi.

Mihadhara ndiyo niliyoifuata mimi. Mmoja ulihusu kampuni ya Volkswagen: data za magari ya umeme kama 800,000 zilikuwa zimeachwa wazi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwa magari yapatayo 460,000 ungeweza kujua yaliegeshwa wapi, kwa usahihi wa kushangaza. Magari ya doria ya polisi wa Hamburg yalikuwemo. Ukumbi mzima ulicheka cheko ambalo si la furaha. Mama Mdogo, aliyekuja kupumzisha miguu, hakuona kipya. "Ngamiani," akaninong'oneza, "kila mke anajua gari la mumewe limelala wapi. Na hakuna kompyuta." Nikamwambia tofauti ni kwamba Ngamiani mume naye anajua nani kamwona. Hilo alilitafakari.

Mwingine ulionyesha kwamba taa za barabarani za Berlin, na vyombo vya umeme vingi katika nchi kadhaa za Ulaya, hupokea amri kwa redio ya mawimbi marefu, amri zisizofichwa wala kuthibitishwa zimetoka kwa nani. Anayejua lugha yake anaweza kuamuru. Watafiti walianza kwa kutaka kuchezea taa tu, wakaishia kuzungumzia mitambo ya kufua umeme. Na kulikuwa na Wapoland waliorudi kusimulia mwaka wao. Mwaka 2023 walieleza kwamba treni za kampuni ya Newag zilikuwa na maagizo ya siri ndani ya programu zake, zigome kuwaka zikikaa muda kwenye karakana isiyo ya kampuni. Kampuni ilikanusha na kuwapeleka mahakamani. Hapo Mama Mdogo alikaa wima. Mdogo wake wa kiume ni fundi gereji Chuda, na kesi ya fundi wa mtaani dhidi ya mwenye kiwanda haihitaji kutafsiriwa.

Lakini mhadhara uliobadilisha safari yetu ulikuwa wa Bianca Kastl na Martin Tschirsich, juu ya faili la afya la kielektroniki. Serikali ya Ujerumani ilikuwa inakaribia kumfungulia kila mwenye bima ya umma faili moja la magonjwa na dawa zake, zaidi ya watu milioni 70. Majaribio yangeanza tarehe 15 Januari 2025, na Hamburg ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Serikali ilisema ni salama. Mhadhara ulikuwa kwa Kijerumani. Wapo malaika wanaotafsiri papo hapo kwa Kiingereza, nami nikawa na kisikilizi sikio moja, na kwa upande wa pili namnong'oneza Mama Mdogo kwa Kiswahili, kwa hiyo kila sentensi ilimfikia imechoka, ikiwa imepita lugha tatu.

Wazungumzaji walionyesha njia kadhaa za kuingia. Nyingine zilikuwa za kitaalamu, na nilipozitafsiri niliona macho ya Mama Mdogo yakienda kwenye dari. Kisha wakafika kwenye kadi. Ili ufungue faili la mgonjwa unahitaji kadi yake ya bima. Na kadi halali, ya mtu mwingine kabisa, waliweza kuipata kwa simu ya dakika kumi hadi ishirini.

"Walipiga simu tu?"

"Walipiga simu tu."

"Wakaongea na mtu?"

"Na mtu wa huduma kwa wateja."

"Huyo mtu," akasema, kwa sauti iliyowafanya wa mbele wageuke, "hana kosa. Aliambiwa kitu cha haraka."

Hakusema neno lingine mpaka mwisho. Watu walisimama kupiga makofi, naye hakusimama.

Nisije nikaonekana nimelewa sifa. Kongamano hili lina mapungufu, na mtu aliyetoka mbali huyaona upesi. Waafrika niliowaona kwa siku nne ningewahesabu kwa vidole vya mikono nikabakiwa na vidole. Rafiki zangu wawili wa Nairobi, wajuzi kuliko mimi, wanaoshiriki kongamano la kwao la AfricaHackon, hawakujaribu hata kuomba viza. Kutangaza kwamba hapa hakuna anayeulizwa jina ni rahisi kwa mtu ambaye hakuulizwa taarifa ya benki ya miezi kadhaa ili afike mlangoni. Na lile giza la ndani, basi, baada ya siku mbili unatamani taa ya kawaida ya dukani.

Ndiyo maana asubuhi ya siku ya tatu tuliwatoroka malaika. Mama Mdogo alikuwa ameniwekea sharti tangu Bremen: Hamburg aione bahari, na aende kwa Bibi Salme. Bahari nilimwambia haipo, upo mto tu, Elbe, na meli zinapanda kutoka mbali. Alikasirika kidogo, kwa sababu tangu utotoni alijua Hamburg ni bandari kama Tanga. Bibi Salme yupo. Binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolf Heinrich Ruete, akamfuata mwaka 1867 na kuitwa Emily. Miaka mitatu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu katika mji ambao hakuwa na ndugu. Amezikwa Ohlsdorf, makaburi makubwa kama msitu, na inasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja. Miaka ya karibuni mji uliupa uwanja mmoja jina lake, kisha ukaliondoa kwa sababu katika maandishi yake aliutetea utumwa. Nilimweleza hilo pia. Tulisimama pale kwenye baridi ya kukata masikio. Mama Mdogo alisoma Fatiha, akasita, akakumbuka kwamba marehemu alibatizwa, akaimalizia hivyohivyo. "Atachagua Mungu," akasema.

Na hapo, tukirudi kituoni, ndipo aliponiuliza kama mtu yeyote anaweza kuzungumza kule ukumbini.

Mihadhara mikubwa huchaguliwa miezi kabla. Lakini vipo vyumba vidogo ambavyo mhudhuriaji yeyote hujiandikia saa na mada, watu wakija wamekuja, wasipokuja basi. Niliandika kwa Kiingereza kwamba wakala wa pesa za simu kutoka Tanga ataeleza jinsi matapeli wanavyoongea, siku ya mwisho, saa tano asubuhi. Nilitegemea watu watatu. Walikuja kumi na wanne, wakiwemo wawili wa jikoni, mmoja na plasta kidoleni.

Alianza na ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameupata: ile hela itume kwenye namba hii. Nilipoutafsiri walikunja nyuso. Hela gani? Ndiyo hapo, akasema. Tapeli hajui unadaiwa na nani. Anawatumia watu elfu, na katika elfu hao yupo mmoja ambaye dakika ile alikuwa anakwenda kumtumia mtu hela. Huyo mmoja anamtosha. Wakacheka, wakaandika. Kwao jambo hilo lina majina marefu. Kwake lilikuwa na anayelifanya, na saa anazopenda kulifanya: mwisho wa mwezi, na siku za kulipa ada.

Kisha akaomba kijana mmoja awe wakala, yeye awe mpigaji. Kijana wa plasta akajitolea. Mama Mdogo alichukua ile simu ya namba 8400, akaiweka sikioni, na sauti yake ikabadilika. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Ilikuwa ya mwanamume wa ofisini, mpole, aliyechoka kidogo. Alimwita kijana kwa jina lake kamili. Akamtajia muamala wake wa mwisho, shilingi elfu kumi, uliofanyika robo saa iliyopita. Akamwomba radhi kwa usumbufu. Akamwambia usajili wa laini yake ya uwakala haujahakikiwa na saa kumi itafungwa, pamoja na floti yake yote, lakini yeye binafsi angemsaidia wamalize sasa hivi, asikate simu. Fungua menyu. Chagua namba moja. Ingiza namba ya uhakiki, nakutajia. Ingiza msimbo wa kituo chako: nane, nne, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Thibitisha kwa namba yako ya siri, na usinitajie, ni siri yako.

Nilikuwa natafsiri kila sentensi, kwa hiyo kijana alikuwa na muda maradufu wa kufikiri. Alibonyeza yote.

"Amenitumia laki nane na arobaini," Mama Mdogo akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Kimya kidogo. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akauliza alijuaje kuhusu ile elfu kumi.

"Msichana alikuja kutoa elfu kumi. Alikuwa wao."

Nami nilikuwa natafsiri tu, kama mashine, mpaka nilipofika kwenye kitenzi nikagundua hakusema "huja", alisema "alikuja". Nikamtazama. Akaendelea, akiwaambia wao na siyo mimi. Ilikuwa Machi 2016, siku ya Jumanne. Ilimchukua dakika sita. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye kioo kabla hajathibitisha, ila hakulisoma, macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

Uliripoti? Hakuripoti. Kwa nini? Alishangazwa na swali. "Wakala aliyetapeliwa, nani atampa tena pesa zake ashike?" Hakumwambia mume, hakumwambia mwanawe aliyekuwa akisoma. Floti aliirudisha kwa kuuza cherehani na pete mbili.

Cherehani hiyo naijua. Ilikuwa ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu, na sare zangu zote za shule zilishonewa hapo. Ilipotoweka tuliambiwa macho yake hayaoni tena tundu la sindano, na tulimwonea huruma ya uzee kwa miaka minane.

Nilingoja pale chumbani mtu aseme pole kwa ile sauti ya msiba. Hakuna aliyesema. Mwanamke wa nyuma alikwenda ubaoni akachora: hapa menyu, hapa namba, hapa kiasi, hapa jina linatokea. Wakaanza kubishana. Kwa nini skrini inaruhusu neno lolote juu ya namba na kiasi? Jina lingetokea kwa herufi kubwa, peke yake, kwa sekunde tano? Muamala wa kwanza kwa mpokeaji mpya ungecheleweshwa nusu saa? Mama Mdogo alikataa hilo la nusu saa: mteja ana mgonjwa hospitali, atakwenda kwa wakala mwingine. Walilifuta. Nikawaeleza kwamba siku hizi kwetu namba ya tapeli unaweza kuituma kwenda 15040, mamlaka ya mawasiliano ikaishughulikia, wakauliza wangapi hutuma, na mimi na Mama Mdogo tukatazamana. Saa moja ilipita. Dakika zake sita za Machi 2016 zilikuwa ubaoni kama treni ya Poland, zikiwa na mishale, na hakuna mshale uliomwelekea yeye.

Jioni tulirejesha vitambaa vya malaika. Kongamano hubomolewa na watu walewale waliolijenga, na tuliacha vijana wanakunja waya kilomita na kilomita. Kijana wa plasta alimpa Mama Mdogo kufuli dogo la kujifunzia kulifungua bila ufunguo, na kijiti chake. Alilifungua tukiwa bado kituoni Dammtor.

Kwenye treni alinyamaza mpaka taa za Hamburg zikaisha. Kisha akafungua kundi la simu la mawakala wa Ngamiani, waliopo kazini na walioacha, akabonyeza kitufe cha sauti. Alitaja tarehe, kiasi, maneno ya yule mwanamume moja baada ya jingine, na ile sauti ya uchovu. Ujumbe ulikuwa wa dakika nne. Hakulia wala hakuomba radhi. Akaweka simu mapajani, akaanza kulifunga na kulifungua lile kufuli.

Kabla hatujafika Bremen walikuwa wamejibu watatu. Wawili walipigiwa na mwanamume mwenye sauti hiyohiyo, mwaka huohuo. Wa tatu ni wifi yake, wa kibanda cha pili kutoka chake, upande wa duka la mkaa. Yeye alipoteza laki sita, siku tisa kabla ya Mama Mdogo.